Bumu Limekatwa kwa Tumbo Moja: Tathmini ya Mkopo wa HESLB kwa Mwanafunzi Anayetegemewa Nyumbani

Tunaipima hapa huduma moja tu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kama unavyomfikia mwanafunzi wa Mwanza ambaye huko nyumbani, iwe Igombe, Sengerema au Nansio, kuna mama na wadogo zake wanaomtazama yeye. Chuo chake kinaweza kuwa SAUT pale Malimbe, CUHAS Bugando, IFM au CBE. Bodi ni ileile na fomu ni ileile. Mkopo ukitoka, swali la kwanza vijiweni huwa ni "umepata asilimia ngapi?" Kwa mwanafunzi wa namna hii swali hilo halitoshi. La kuuliza ni kwamba fedha hii imekatwa kwa ajili ya watu wangapi, na jibu ni mtu mmoja.

Tuseme uamuzi wetu mapema. Kwa kulipa ada na kumlisha mwanafunzi mwenyewe, hatujui huduma nyingine nchini inayoukaribia mkopo huu: hakuna shamba wala nyumba inayowekwa rehani, na marejesho hayaanzi mpaka umalize chuo. Kwa kulea kaya, haufai, na anayeutumia hivyo hukwama karibu kila mara mahali palepale, yaani wiki mbili au tatu kabla ya bumu (fedha ya chakula na malazi) linalofuata, mtihani ukiwa mlangoni.

Kwanza, kinachotolewa. Mkopo haupo kama fungu moja, ni mafungu: ada (yote au sehemu yake), chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Ada hulipwa moja kwa moja chuoni, wewe huigusi. Chakula na malazi ndilo bumu lenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 limekuwa Sh 10,000 kwa siku, kutoka Sh 8,500 za awali, nalo hutoka mara 4 kwa mwaka, kila mara kwa siku 60. Yaani Sh 600,000 kwa bumu na Sh 2,400,000 kwa mwaka. Vitabu ni Sh 200,000 kwa mwaka. Hesabu siku: 60 mara 4 ni 240. Mwaka una siku 365. Siku 125 zilizobaki, likizo ndefu ikiwemo, hazina bumu, na wanaosahau hilo ni wengi kuliko wanaolikumbuka.

Maombi ndiyo sehemu inayowaangusha watu wa kaya maskini zaidi, na kinachowaangusha ni karatasi. Umaskini wenyewe wanao, ila mfumo hauoni kinachoonekana kwa macho pale kijijini, unaona nyaraka tu. Unaomba mtandaoni kwa kutumia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unalipia ada ya maombi ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh 30,000, kisha unajaza habari za wazazi, kazi zao, shule ulizosoma na aliyekulipia. Kila unachodai lazima kiwe na cheti nyuma yake.

Cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kukipandisha kwenye mfumo. Jina ndilo tatizo kubwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema majina mawili, cha kidato cha nne kinasema matatu. Au la baba limeandikwa kwa "r" huku na kwa "l" kule, jambo la kawaida sana kanda hii. Ukiligundua hilo dirisha la maombi likiwa wazi umechelewa, kwa sababu kurekebisha jina kunapita kwa wakili na kurudi RITA, na dirisha halikungoji. Vitoe vyeti vyote mezani ukiwa bado kidato cha sita, soma herufi kwa herufi.

Kwa yatima, kinachotakiwa ni cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kibali cha mazishi hakikubaliki badala yake. Familia nyingi zina kibali tu, walikitumia siku ya msiba wakakihifadhi kwenye Biblia au kwenye sanduku, wakidhani ndicho cheti. Kipeleke RITA, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, ufuatilie cheti chenyewe. Kando ya ziwa kuna hali ngumu zaidi ya hiyo: baba aliyezama na mwili haukupatikana. Hakuna kibali cha mazishi wala karatasi ya hospitali, na safari huweza kufika hadi mahakamani. Ni safari ndefu, na inamuumiza mjane kuirudia habari ile mbele ya watu asiowajua. Mama asiachwe aende peke yake, na isianze mwezi wa maombi.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini inayo silaha nzuri, lakini namba ya kaya lazima ijazwe sawasawa, na jina la mlengwa liwe lile lililo kwenye daftari la kijiji. Mara nyingi mlengwa aliyeandikishwa ni bibi, siyo mama. Kaeni na mtendaji mlione daftari kwanza. Ulemavu, wako au wa mzazi, huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa kwa fomu maalumu. Picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu haithibitishi kitu.

Lipo kosa moja tunaloliona zito kuliko mengine yote, maana humwadhibu mwanafunzi aliyesaidiwa. Kijana wa kaya maskini alisomeshwa shule binafsi na parokia, shirika au mjomba. Kwenye fomu anaandika jina la shule ile anaishia hapo. Mfumo unaona ada ya shule, unahesabu kwamba nyumbani kuna uwezo, mgawo unashuka. Dawa yake ni fomu ya ufadhili yenye sahihi na mhuri wa aliyelipa. Kama mlipaji ni taasisi, iombeni barua mapema, maana wafadhili wengine hukaa mbali na barua huchukua wiki.

Ukimaliza kujaza, unachapisha fomu, unaisaini wewe na mdhamini wako, inagongwa mhuri na serikali ya mtaa au kijiji na kamishna wa viapo, kisha kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kupandishwa. Hapa pa kuskani pasidharauliwe. Picha iliyopigwa kwa simu kwenye kaunta ya steshenari, kivuli cha mkono kikiwa kimeangukia mhuri, huonekana sawa kwenye kioo kidogo cha simu. Ikifunguliwa kwenye kompyuta, mhuri ni doa jeusi. Kabla ya kulipa, mwambie kijana wa steshenari alifungue faili na kulikuza mpaka usome tarehe iliyo ndani ya mhuri. Usipoisoma wewe, anayekagua hataisoma. Mdhamini naye aje na kitambulisho chake halisi, cha NIDA au cha mpiga kura. Namba iliyokaririwa huzaa kosa la tarakimu moja.

Majina hutoka kwa awamu, na mgawo wako unauona kwenye SIPA, akaunti yako ya mwanafunzi katika mfumo wa Bodi. Kutokuwemo awamu ya kwanza si kukosa. Ukikosa kabisa au ukipata kidogo, kuna dirisha la rufaa. Rufaa inayofanikiwa ni ile inayoleta cheti ambacho hakikuwepo mwanzoni. Barua ya kurasa tatu ya kueleza shida, hata iwe ya kweli na ya kutoa machozi, bila nyaraka mpya haina pa kushikia. Bodi ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa mtu wa mjini anayejinadi kuwa anawajua watu Dar es Salaam. Nenda mwenyewe na nakala zako.

Sasa bumu. Limepatikana, mgawo umeonekana, lakini fedha haiji mpaka chuo kithibitishe kwamba umesajiliwa, akaunti ya benki iwe kwa jina lako mwenyewe (siyo la kaka), na alama zako za vidole ziwe zimechukuliwa. Kila bumu husainiwa kwa kidole. Ambaye mikono yake imechanika kwa kupaa samaki au kuvuta nyavu likizo nzima hukuta mashine inamkataa. Ajaribu kidole kingine, na safari ijayo asajili vidole zaidi ya kimoja ikiruhusiwa. Fedha isiyosainiwa ndani ya muda hurudi Bodi, na kuifuatilia ni kazi ya miezi. Kwa mwaka wa kwanza panga kana kwamba bumu litachelewa: fika na chakula cha mwezi mmoja, hata kama ni unga na dagaa kutoka nyumbani.

Tufanye hesabu, maana ndani yake ndimo ukweli wa tathmini hii ulimo. Chukua mfano wa chumba cha Sh 40,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo: 240,000. Chakula cha kujipikia kwa 4,000 kwa siku, siku 60: 240,000. Vitini na kuchapisha kazi: 40,000. Daladala: 30,000. Sabuni, bando na dharura ndogo: 50,000. Jumla 600,000. Bumu la kwanza limekwisha na nyumbani haijaenda hata mia. Bumu la pili halina kodi, kwa hiyo linabakiza 240,000. La tatu linarudi kwenye kodi, linakwisha lote. La nne linabakiza 240,000. Kwa mwaka umebakiza 480,000. Ongeza 200,000 za vitabu, ni 680,000.

Kabla hujafurahi, tazama ada. Tuseme ada ni 1,230,000 na Bodi imekupangia 800,000. Pengo ni 430,000. Juu yake kuna kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi, ambayo imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka, na ada ya Sh 20,000 ya uthibiti ubora. Hiyo ni Sh 500,400, yaani laki 5 na kidogo. Toa kwenye 680,000 na kinachobaki ni karibu 180,000 kwa mwaka mzima, sawa na Sh 15,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango ambacho mkopo huu unaweza kumsaidia mama, na hapo hujanunua kitabu hata kimoja wala hujaumwa.

Kinachotokea kwa watu wengi ni kinyume. Bumu la kwanza linaingia, simu inalia kabla ya jioni, zinatumwa 200,000 kwa moyo mweupe. Wiki ya sita chakula kinakwisha. Unakopa mkopo wa kwenye simu wa kusukumia siku, ambao hulipwa kwa kukatwa mara fedha inapoingia, hivyo bumu la pili linafika likiwa tayari limeliwa. Pengo la ada linabaki vilevile, na mtihani unapofika jina lako halimo kwenye orodha ya walioruhusiwa kuingia chumbani. Aliyetuma fedha ile hakuwa mjinga wala mbadhirifu. Alitii wajibu wake, ila aliutimiza kwa fungu lisilokuwa la kazi hiyo, tena siku isiyo yake.

Siku ina maana kubwa kwa kaya ya ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, na kwa siku zipatazo 10 mitumbwi hukaa nchi kavu, mama anayeanika dagaa hana cha kuanika. Ndiyo siku za kukopa dukani. Masika nayo huongeza pigo, kwa kuwa dagaa aliyenyeshewa akiwa mchangani huoza au huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Katika siku 60 za bumu moja kuna mbalamwezi mbili. Kwa hiyo zile 180,000 zigawe mara 4: mbili kwenye bumu la pili, mbili kwenye la nne, kila moja 45,000, na kila moja itumwe mwezi unapokaribia kuwa mpevu. Elfu 45 za wiki hiyo zinanunua unga bila deni. Elfu 45 zilezile zikifika wakati dagaa wamejaa hupotea kwenye matumizi bila kuonekana zilikokwenda. Tuma kwa mkupuo na uweke na ya kutolea, maana gharama za kutuma vipande vidogo vidogo hujumlika.

Mama aambiwe mapema, kwa heshima na kwa namba. "Mama, hili la kwanza ni la chumba na chakula, sitaweza. La pili nitaleta elfu 45 mbalamwezi ya kwanza na elfu 45 ya pili." Mzazi aliyepewa tarehe hupanga. Aliyeambiwa "nitaangalia" hupiga simu kila siku, na wewe unaacha kupokea, jambo linalouma pande zote mbili.

Kupanua zile 180,000 kuna njia mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni kuishi wawili chumba kimoja: kodi inakuwa 20,000 kwa mtu, unaokoa 240,000 kwa mwaka. Ya pili ni kugeuza mwelekeo wa mzigo. Nyumbani hakuna fedha taslimu lakini kuna dagaa, muhogo, pengine mpunga. Gunia dogo likija kwa boti kutoka Nansio na kupunguza chakula kutoka 4,000 hadi 3,000 kwa siku, kwa siku 240 ni 240,000 nyingine. Omba dagaa wa kwenye chanja. Wa mchangani wana mchanga hata uwaoshe mara tatu, na huharibika upesi chumbani. Biashara ndogo chuoni, kama kuuza dagaa hao hao kwa kipimo cha sado, inaweza kusaidia, ila mtaji usitoke kwenye pengo la ada.

Mama naye ana milango yake ambayo si bumu lako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo waanika dagaa watano waliojisajili wanaweza kuomba kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kazi unayoweza kumfanyia ni kumwandikia katiba ya kikundi na kumjazia maombi wakati wa likizo. Jioni hizo mbili za kuandika zina thamani kubwa kuliko laki unayoivunja kwenye ada. Pia zinamwepusha na kausha damu, wanaogawa fedha asubuhi na kuja kuchukua sufuria mwezi ukiisha.

Kuhusu deni lenyewe, mkopo huu umekuwa mwepesi kuliko zamani. Kwenye Mei Mosi ya 2021, palepale uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni kila mwaka. Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wetu, miaka 3 ya bumu ni 7,200,000, vitabu 600,000, ada 2,400,000: jumla 10,200,000, bila fedha ya mafunzo kwa vitendo. Mshahara wa 800,000 ukikatwa 120,000 kwa mwezi, deni linaisha baada ya miezi 85, yaani miaka 7 na mwezi mmoja. Ni deni linalobebeka. Lakini kila laki uliyotuma nyumbani imo humo.

Kwa wanaosoma stashahada, tangu 2023/2024 kuna mikopo kwa fani zilizoainishwa, kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo. Hakikisha fani yako imo kabla ya kulipia maombi. Aliyefaulu sana sayansi kidato cha sita atazame kwanza Samia Skolashipu, kwa sababu ule ni ufadhili, haurejeshwi.

Na ikitokea nyumbani pamebomoka kweli katikati ya muhula, mama amelazwa na wadogo hawana mtu, kuna njia ambayo wengi hawaitumii. Wanaondoka tu. Aliyeondoka kimya huonekana ametoroka masomo, matokeo yake hayaendi Bodi, na kwa anayeendelea na masomo bumu hutegemea matokeo hayo. Andika barua ya kuahirisha masomo kwa mkuu wa kitivo kabla ya mitihani, ambatanisha karatasi ya hospitali au barua ya mtendaji, na omba chuo kiijulishe Bodi, ili mkopo usimamishwe badala ya kupotea. Ukirudi, chuo kinathibitisha tena kwamba umeripoti. Barua hiyo itoe nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, ukae nayo wewe.